Kelele za Pembeni

Kiingereza changu cha maandishi hakina doa, na atakayekuambia vinginevyo ana wivu wake. Miaka kumi na tisa nimeandika kwa Kiingereza yale ambayo watu wameyasema kwa midomo yao: mashahidi, washtakiwa, wanaopiga simu polisi na zimamoto, wajane wanaokatika kauli katikati ya sentensi. Sauti inaingia masikioni, maneno yanatokea vidoleni, karatasi inapigwa muhuri, inakwenda mahakamani. Sijawahi kurudishiwa hata ukurasa mmoja. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba yaliyompata shemeji yangu hayakutokana na uzembe. Ningekuwa mzembe, huenda leo angekuwa kwake anakunywa chai.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Chumba kimoja, meza nne, na feni moja ambayo tukiwa kazini tunaizima kwa sababu inanguruma, kwa hiyo ikifika saa nne asubuhi kila mtu analowa jasho. Kila meza ina kompyuta, hedifoni na pedali ya mguuni ya kusimamishia sauti na kuirudisha nyuma. Wenzangu wananiita Masikio. Mwanzoni walikuwa wananitania, baadaye likageuka cheo.

Ugumu wa kazi hii si maneno. Ugumu ni sauti ambazo si maneno. Mtu anakohoa, anaguna, anasonya, anacheka kwa uchungu, gari linapita, mlango unabamizwa. Utaziandikaje kwa Kiingereza mahakama ikakuelewa? Zamani kila mtu alijiandikia alivyotaka. Mmoja aliandika kwamba shahidi "alicheka kichawi". Haki ya Mungu, niliusoma ukurasa huo kwa macho yangu, na kesi yenyewe ilikuwa ya mpaka wa kiwanja. Mwingine aliandika kwamba mama mmoja "alisonya kwa dharau", hakimu akamweka ndani siku mbili, kumbe maskini alikuwa na kipande cha nyama kwenye jino.

Ndipo mimi nikatunga orodha. Ndiyo, mimi mwenyewe. Vifungu ishirini na viwili vya Kiingereza safi, kila kimoja na sauti yake: kikohozi, mguno, kicheko, kilio, kimya kirefu. Na kwa sauti yoyote isiyotoka kinywani mwa msemaji, kifungu kimoja tu, maneno mawili ambayo kwetu tungesema kelele za pembeni. Basi, usiongeze. Usiseme ni gari, hukuliona. Usiseme ni mlango, labda ni kabati. Andika ulichosikia, usiandike ulichoelewa. Mkuu wa ofisi aliipenda orodha ile mpaka akaitia kwenye fremu akaitundika ukutani, na mahakama nayo ikaagiza ofisi zote ziifuate. Nilivimba kichwa, sikatai.

Mwezi wa sita kiwanda cha magodoro kikaungua, saa tisa mchana. Sponji ikishika moto haina huruma. Watu saba wa chumba cha kukatia, wanaume sita na binti mmoja, walikutwa wamekufa nyuma ya mlango wa bati unaotokea uani. Wengine wote walitoka kwa mbele. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa bawabu wa pale, na ndiye aliyepiga simu zimamoto. Siku chache baada ya mazishi, kanda ya simu ile ikaletwa mezani kwangu.

Kanda haziji na majina, zinakuja na namba. Nikavaa hedifoni, nikakanyaga pedali, na kwa neno la kwanza tu nikamjua. "Halo! Moto! Moto huku!" Sauti yake inakwaruza, na kwa miaka kumi na mitano sauti hiyo imekuwa ikinichokoza mezani kwa dada yangu, ikiniuliza nitaolewa lini au nimeshaolewa na Kiingereza.

Hapo nilitakiwa kuvua hedifoni, kujaza fomu ya undugu, na kumwachia mtu mwingine kazi. Sikufanya hivyo. Niliwatazama wenzangu mmoja mmoja. Meza ya dirishani kuna bwana ambaye mpaka leo jambo la jana analiandika kama la kesho. Meza ya mlangoni kuna mgeni wa wiki tatu. Meza ya pili kuna Kinanda, mama mwenzangu wa makamo, ana vidole vyepesi kuliko mtu yeyote mjini lakini koma anazimwaga kama anapanda mtama. Nikasema hawa wataniharibia shemeji yangu. Palipoulizwa kwenye fomu kama nina undugu na mtu yeyote aliyemo kwenye kanda, nikatia alama kwenye hapana.

Kisha, kwa kuwa nilishadanganya hapo, nikaapa moyoni kwamba kwingine kote nitanyooka kama rula. Sitampendelea hata kwa nukta. Atapata anachopata mtu yeyote. Nikajiona mwadilifu kweli.

Simu ilikuwa ya dakika nne na sekunde kumi. Shemeji anataja kiwanda, anataja barabara, anarudia. Wa zimamoto anamuuliza kama kuna mitungi ya gesi, anajibu hapana. Anaambiwa asikate simu, gari linatoka. Anasubiri, anahema. Na nyuma ya kuhema kwake, kuanzia sekunde ya kwanza, kulikuwa na bati. Ngumi kwenye bati. Mwanzoni zilikuwa nyingi, zinapandana, huwezi kuzihesabu. Dakika ya pili zilipungua, ukitaka unazihesabu. Dakika ya tatu ukabaki mkono mmoja. Ulikuwa unagonga mara tatu, unapumzika, mara tatu, unapumzika. Halafu mara mbili. Halafu mara moja, tena kwa kiganja, si kwa ngumi. Baada ya hapo alibaki shemeji na pumzi zake mpaka simu ikakatika.

Taratibu zetu zinataka kila kanda isikilizwe na sikio la pili. Nikamwita Kinanda. Akasikiliza hadi mwisho, akavua hedifoni taratibu.

"Kuna watu wanagonga mlango pale," akasema. "Andika hivyo."

"Watu gani? Umewaona?"

"Masikio, usinichoshe. Hata kiziwi anajua hizo ni ngumi za watu."

"Basi mlete kiziwi aandike yeye. Mimi naandika ninachosikia."

"Na unasikia nini?"

Nikamwonyesha fremu ukutani kwa kidole. Akanitazama vile mtu anavyomtazama punda aliyegoma njiani, akaguna, akatia saini yake chini ya yangu. Kwenye ukurasa niliandika mara moja tu, juu kabisa, kwa Kiingereza sanifu: kelele za pembeni, zinaendelea. Nukta.

Nilikwenda chooni nikalia. Nililia sana, mpaka mtu akabisha hodi kuuliza kama ni mzima. Nikanawa uso, nikarudi kuchapa kesi ya ajali ya pikipiki. Sikuona kwamba nimemdhuru mtu, maana mji mzima ulijua mlango ule ulikuwa na kufuli. Nani angekuja kubisha jambo kama hilo?

Tajiri ndiye aliyebisha, mwenye kiwanda mwenyewe. Mwezi wa tisa alisimama mbele ya wachunguzi, suti imemkaa vizuri, akasema mlango wa uani ulikuwa wazi tangu asubuhi, kama sheria inavyotaka. Akasema wafanyakazi wote walikwishatoka kwa mbele salama, ila wale saba walirudi ndani kuchukua vitu vyao. Na bawabu, alipomaliza tu kupiga simu, kwa akili zake mwenyewe akaenda kuufunga mlango wa uani kwa kufuli ili watu wasipore magodoro. Wale saba wakafika mlangoni wakakuta umefungwa, moshi ukawamaliza palepale. Ndivyo alivyosema. Kesho yake shemeji akakamatwa.

Shemeji alieleza yake. Kufuli lilikuwa la tajiri, ufunguo ulikuwa wa tajiri, na tajiri alikuwa akiufunga mlango ule kila siku asubuhi kwa mkono wake tangu vitambaa vilipoanza kupotea. "Nilipokuwa kwenye simu," alisema, "walikuwa tayari wanagonga, ila kwa kuchanganyikiwa nikataja moto tu." Wafanyakazi waliopona waliogopa kumtaja tajiri, basi kesi nzima ikasimama juu ya jambo hilo moja. Kama waligonga wakati wa simu, mlango ulikuwa umefungwa kabla shemeji hajaugusa, na tajiri ni mwongo na zaidi ya mwongo. Kama hawakugonga, shemeji amewaua watu saba.

Mimi na dada tulikwenda kumwona mahabusu. Alikuwa amekonda, nguo zinamning'inia, lakini utani haujamtoka.

"Shemeji, mbona umenyong'onyea hivyo? Mfungwa ni mimi au ni wewe?"

"Ni wewe," nikasema.

"Haya, basi changamka. Mwambie na dada yako aache kulia. Simu ile ilisikia kila kitu. Mimi nilikuwa naongea lakini masikio yangu yote yalikuwa kwa wale watoto wa watu. Siku hakimu akiisikiliza, natoka kwa mlango wa mbele." Akanisogelea kwenye wavu. "Si ndiyo kazi zenu hizo? Hebu nifuatilie."

"Nitafuatilia," nikasema. Dada akanishika mkono, akasema afadhali ana mtu wa damu yake humo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Shemeji hakujua kitu kimoja, na wewe huenda hukijui. Hakimu hasikilizi kanda. Hakimu anasoma. Ukurasa ukishathibitishwa na saini mbili, ukurasa ndio ushahidi, na kanda inakaa siku tisini kisha inafutwa ili ipatikane nafasi ya nyingine. Nilikwenda zimamoto, kwenye chumba chao cha mitambo. Aliyepokea simu ile alikuwa anamsikiliza shemeji na redio ya gari, bati halikumbuki. Bwana wa mitambo akatafuta namba, akatikisa kichwa. "Ilifutwa siku kumi na moja zilizopita, mama. Ungewahi." Nakala ya ofisini kwetu niliifuta mimi mwenyewe, tena kwa wakati, kwa sababu mimi nafuata taratibu. Wakili wa shemeji, yule wa kupewa na serikali, alikuwa ameusoma ukurasa wangu na hakuona cha kuuliza. Angeonaje? Nilihakikisha hakuna cha kuona.

Nikamfuata Kinanda mezani kwake. Nikamwambia yule bawabu ni shemeji yangu. Mdomo ukamwachama.

"Na ukaniacha nitie saini?"

"Twende wote tukaseme tulichosikia. Wewe si ndugu yake, watakuamini."

"Mimi?" Alicheka kicheko kikavu. "Mimi nilikwambia hizo ni ngumi, ukanionyesha fremu. Sasa unataka niende kusema niliweka saini kwenye uongo? Nina watoto watatu, Masikio. Umelikoroga, linywe." Akavaa hedifoni zake, akaanza kuchapa, na sikumlaumu hata kidogo.

Mkuu wa ofisi alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. Akafunga mlango. "Ukienda kusema ukurasa wako haukueleza kilichosikika," akasema, "kila kesi uliyochapa miaka kumi na tisa itaulizwa upya. Wezi watatoka. Wabakaji watatoka. Na shemeji yako hatatoka, kwa sababu wewe ni shemeji. Fikiri." Nilifikiri. Nilifikiri siku sita, na katika siku hizo sita nilichapa kurasa mia moja na kumi bila kosa, kwa woga tu.

Siku ya saba nikaenda kwa dada. Alikuwa anakunja nguo za mumewe, anazipanga kana kwamba yuko safarini na atarudi Jumamosi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitasema. Kwanza alidhani namletea habari njema.

"Kwa hiyo uliwasikia," akasema.

"Niliwasikia."

"Ukaandika nini?"

"Kelele."

Akaliweka shati alilolishika juu ya jingine, akalilainisha kwa kiganja. "Mdogo wangu," akasema, "mama alipofariki, mmoja wetu ilibidi aache shule abaki na wadogo. Unakumbuka nani aliacha? Niliacha mimi, ili wewe ukakijue hicho Kiingereza." Hakupandisha sauti. "Nenda kaseme. Mficha maradhi kilio humfichua. Nenda kesho, usingoje kuitwa."

Wakili wa shemeji alinifanya shahidi wake, na siku nilipoitwa mahakama ilikuwa imejaa. Ndugu za marehemu walikaa upande wa kulia, na mbele yao alikaa mama wa yule binti aliyekufa na wanaume sita. Binti alikuwa kitinda mimba wake, ana miaka kumi na tisa, alikuwa akikata sponji za mito. Tangu kesi ianze mama huyo alikuwa akimngoja dada yangu mlangoni kila siku na kumwita mke wa muuaji. Siku moja alimtemea mate. Dada alijipangusa akaingia ndani.

Nilipanda kizimbani, nikaapa, nikasema. Nilisema kila kitu: fomu, orodha, ngumi zilizopandana, ngumi zilizopungua, mkono mmoja uliobaki. Upande wa kulia watu walianza kulia kwa sauti. Shemeji aliinamisha uso. Sijui alikuwa ananishukuru au ananilaani, sijawahi kumuuliza.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana nadhifu. Alikuwa ameiomba ile orodha ofisini kwetu, anayo mkononi.

"Hii uliitunga wewe?"

"Mimi."

"Inasema mwandishi aandike alichosikia, asiandike alichoelewa. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Ngumi uliziona?"

"Sikuziona."

"Watu uliwaona?"

"Sikuwaona. Niliwasikia!"

"Ulisikia mlio, mama. Watu umewaelewa baadaye, baada ya shemeji yako kukamatwa." Akageukia kiti cha hakimu. "Na kwenye fomu hii, yenye saini yake, shahidi anasema hana undugu na mtu yeyote."

Nikamwambia yeye ni mtoto mdogo na hajui anachocheza nacho. Hakimu akanionya. Nikamwambia hakimu naye, kama angekuwa anasikiliza badala ya kusoma, tusingekuwa hapa. Akanionya mara ya pili, akasema ya tatu nitalala ndani. Mdomo wangu huo. Hata pale ambapo shingo ya mtu ilikuwa mikononi mwangu sikuweza kuunyamazisha, na niliona kabisa kwamba namharibia.

Kinanda aliitwa. Alisimama huku ameshika pochi yake kwa mikono miwili. Akasema kanda ni nyingi, kwa siku anasikiliza nane, hiyo haikumbuki. Akaulizwa saini ni yake? Ni yake. Anapotia saini anakuwa amesikiliza? Amesikiliza. Basi alikubaliana na kilichoandikwa? Akajibu ndiyo. Aliposhuka alipita karibu na mimi, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki mbili. Ilikuwa ndefu, na Kiingereza chake, nisiseme uongo, kilikuwa kizuri. Hakimu alisema mbele yake kuna ukurasa uliothibitishwa na watu wawili wenye uzoefu, ulioandikwa kabla ya ubishi wowote kuzuka, na ukurasa huo hausemi popote kwamba mtu aligonga mlango. Dhidi ya ukurasa huo kuna maneno ya mdomo ya shemeji ya mshtakiwa, aliyeficha undugu wake, aliyejitokeza kanda ikiwa imeshafutwa. Akasema mahakama haiwezi kumwamini shahidi huyo kuliko inavyouamini ukurasa wake mwenyewe. Miaka kumi na minne. Shemeji alisimama wima akaisikiliza kama mtu anayesomewa barua isiyo yake. Wakamtoa kwa mlango wa nyuma. Tajiri alikuwa safu ya tatu, akainuka, akafunga kifungo cha koti, akaenda zake.

Mimi nilikuwa nimeshapewa barua ya kuachishwa kazi tangu asubuhi. Nilikuwa nayo kwenye mkoba na sikuwa nimeifungua, maana niliijua ilivyoandikwa. Barua za namna hiyo nilikuwa nazisahihisha mimi.

Nje ya chumba cha mahakama kuna korido ndefu yenye makabati ya chuma ya mafaili upande mmoja na benchi upande wa pili. Dada alikuwa amekaa kwenye benchi, mfuko wa nguo alizomletea mumewe uko kando yake. Alikuwa halii. Nilisimama mbele yake.

Ndipo mama wa yule binti akatoka. Dada alimwona akajikunja, akainua mkono kuukinga uso. Lakini yule mama hakumwendea yeye. Alinijia mimi, akasimama karibu mpaka nikasikia anavyohema.

"Wewe ndiye uliyewasikia?"

"Ndiye mimi, mama."

"Sisi tuliambiwa walirudi kuchukua vitu vyao. Tukaambiwa moshi uliwachukua mara moja, hawakupata tabu." Alimtazama dada kwenye benchi. "Nimekuwa nikilala kwa maneno hayo. Hakimu hakukuamini. Mimi nimekuamini, kwa sababu mwanangu hakuwa na kitu cha kurudia mle ndani. Simu yake aliisahau nyumbani siku ile. Mkoba wake ulikuwa kwangu, ninaushona mkanda."

Akapunguza sauti.

"Yule aliyebaki mwisho," akasema. "Umesema ulibaki mkono mmoja. Ulikuwa mkono mzito au mwepesi?"

Wanaume sita, binti mmoja. Nilijua anauliza nini, na nilijua ningeweza kumdanganya, na Mungu anajua ingekuwa huruma. Lakini nilishadanganya mara moja kwenye fomu, na kwenye ukurasa nilifanya kitu kibaya kuliko kudanganya.

"Mwepesi," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayekubali bei ambayo hana uwezo nayo. "Ni mwezi gani uliusikia?"

"Wa sita."

"Na sasa ni wa kumi na moja. Miezi mitano umekaa na mwanangu masikioni mwako, na mimi niko mtaa wa pili kutoka ofisini kwenu." Hakusema kwa hasira. Ningeomba aseme kwa hasira. "Kanda imefutwa, umesema. Haipo popote ila kwako. Nigongee."

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Nigongee nisikie."

Niligeukia kabati la chuma. Nikakunja ngumi. Nikagonga mara tatu, nikapumzika kama nilivyosikia. Mara tatu, nikapumzika. Watu waliokuwa koridoni wakageuka. Askari wa mlangoni alipiga hatua kutujia, akamtazama yule mama usoni, akaishia njiani. Nikagonga mara mbili. Kisha nikaufungua mkono, nikapiga mara moja kwa kiganja.

Yule mama alikuwa amefumba macho. Akangoja.

"Endelea," akasema.

"Ziliishia hapo, mama."

Alifumbua macho, akanipita, akaenda kwenye benchi. Dada yangu akamtazama kwa woga, halafu akauondoa mfuko wa nguo akauweka sakafuni, akampisha. Wakakaa bega kwa bega, mke wa mfungwa na mama wa marehemu. Baada ya muda mmoja akaushika mkono wa mwenzake, sikuona nani alianza. Nilibaki nimesimama nimeegemea kabati, nikingoja mmoja wao anitazame. Walipoinuka waliinuka pamoja, wakateremka ngazi wakiwa wameshikana, na hakuna aliyegeuka kuniita.